Laini ya Mama Mkwe

Ijumaa, 6 Desemba 2019

Shule imefungwa leo. Mkuu wa shule katuhutubia dakika arobaini juu ya nidhamu huku mvua ikipiga bati. Hakuna aliyesikia neno, na wote tukapiga makofi. Nimerudi kwangu Kitandililo, nje kidogo ya Makambako, na daftari la hesabu lililobaki, lile la miraba, nitaandika humu. Mwezi mzima sina kipindi, sina wa kumfokea, na mikono yangu haitulii.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimepalilia mahindi mistari sita. Mvua. Nimecheza saa moja, nimeliwa.

Jumatatu, 9 Desemba

Niseme wazi, maana hapa hakuna wa kunisikia. Nacheza karata kwenye simu, kwa pesa. Si mikeka ya mpira wanayochaniana vijana pale stendi. Yangu ni meza ya ishirini na moja katika kasino ndogo ya mtandaoni. Jina lake ni la Kiingereza, kwa Kiswahili ni Paka Mweupe. Unapewa karata mbili, ukitaka unaomba nyingine. Anayeikaribia ishirini na moja bila kuipita ndiye mshindi. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaielewa kwa dakika tano.

Zile kasino kubwa zinazojitangaza nilizijaribu nikazichoka. Huko wewe ni namba tu. Paka Mweupe ina meza tatu, na yangu hufunguliwa saa nane mchana. Anayegawa ni dada anayeitwa Vera, mtu kabisa, unamwona mpaka rangi ya kucha. Siku ya kwanza sikuweza kuanza kucheza bila kusalimia. Sisi hatukufundishwa hivyo. Niliandika Kamwene, salamu ya kwetu, nikauliza habari za nyumbani, habari za kazi, na kama mvua imewafikia. Mchezaji mmoja aliandika kwamba ama nicheze ama nitoke. Vera alicheka. Sasa yeye ndiye anayeanza, "Kamwene, mwalimu," halafu Kiingereza chake kinaendelea. Ni upuuzi, najua, lakini tangu shule ifungwe hiyo ndiyo salamu ninayoingoja.

Ema hajui. Na Ema ndiye mchumba wangu, harusi ni tarehe moja Februari. Mwaka jana, siku nilipomwambia nataka kutuma mshenga kwao, alisema: "Nina sharti moja tu. Mlevi nitamvumilia. Mcheza kamari siingii naye kanisani." Baba yake, marehemu sasa, alilipoteza shamba la miti kwa karata katika kilabu cha pombe ya ulanzi, mchana kweupe, mbele ya watu. Shamba lenyewe linaonekana kutoka uani kwao Njombe. Mwenye nalo sasa kapanda maparachichi.

Wakati ule nilimjibu kwamba sijawahi kucheza kamari. Ilikuwa kweli, kwa miezi miwili hivi.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimepita kwa Fahadi kuweka vocha. Fahadi ni mtu wa Tanga, ana kibanda cha simu na huduma za pesa karibu na stendi, na ndiye rafiki yangu pekee hapa mjini asiyenihesabia miaka kwamba nimechelewa kuoa. Ameniambia laini zote lazima zisajiliwe upya kwa alama za vidole kabla mwezi haujaisha, isiyosajiliwa itazimwa.

"Yako ina jina la nani, mwalimu? Kila nikikutumia pesa naona Telesia Mlowe."

"Mama mkwe."

Alicheka mpaka akashika kaunta. Hakuna la kuchekesha. Mwaka jana nilipoibiwa simu nilikuwa Njombe nyumbani kwa kina Ema, na kadi yangu ya kura ilikuwa Makambako. Mama Ema akatoa kadi yake ya kupigia kura mwenyewe, bila kuombwa, akamtuma Ema anisajilie laini. Nani hapa hatumii laini ya shangazi au ya mjomba? Nusu ya walimu shuleni kwetu, kwa mujibu wa simu zao, ni bibi zao.

Jumapili, 15 Desemba

Ibada. Mvua. Nimeliwa.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimeshinda. Naandika polepole ili mkono usiruke nje ya miraba.

Nilianza na kidogo. Saa tisa nilikuwa nimeongeza mara tatu. Saa tisa na nusu nilipewa nane mbili, nikazigawa kuwa mikono miwili kama hesabu inavyotaka, Vera akiwa na sita, na moyo ukaniambia safari hii hesabu na bahati zimekaa benchi moja. Alivuta karata, akavuta nyingine, akapita ishirini na moja. Nikaendelea. Kufikia saa kumi na moja kasorobo nilikuwa na milioni tatu na laki mbili. Huo ni mshahara wangu wa miezi mitano.

Niliinuka nikazunguka nyumba mara nne kwenye mvua bila viatu. Jirani aliuliza kama kuna nyoka.

Ijumaa, 20 Desemba

Hawalipi. Si kwamba wamekataa. Wanasema jina la akaunti ni Enoki Nyagawa na jina la laini ya kupokelea ni Telesia Mlowe, na kwao hao ni watu wawili. Wanataka picha ya mwenye laini, ameshika kitambulisho chake kando ya uso, na mkono wa pili ameshika karatasi iliyoandikwa jina la kasino na tarehe ya siku hiyo. Laini nayo iwe hai siku ya malipo. Nina siku thelathini na tano.

Nimeandika barua tatu kwa Kiingereza safi kabisa. Wamejibu zote kwa adabu, na jibu ni lile lile.

Mama Ema ni mzee wa kanisa. Kwa heshima ya ukwe sijawahi hata kumtazama usoni. Nikiwa kwao nakula sebuleni na wanaume, yeye yuko jikoni, na lililo zito linapelekwa na mshenga. Sasa nimwendee nikamwambie ashike karatasi ya kasino?

Jumatano, 25 Desemba. Njombe

Krismasi kwa kina Ema. Baridi ya kuuma. Ema amefunga duka lake la pembejeo siku moja tu, wateja wa mbolea wamemfuata mpaka nyumbani. Amechoka, mzuri, ana harufu ya magunia mapya. Akaniuliza mbona nashika mfuko kila dakika. Nikasema nasubiri ujumbe wa mkuu wa shule.

Mama Ema aliagiza niongezwe nyama. Sikuweza kuimaliza.

Jumamosi, 28 Desemba

Serikali imesogeza siku ya kuzima laini hadi tarehe ishirini Januari. Watu wanashukuru Mungu barabarani. Mimi nimepata siku ishirini zaidi za kutolala vizuri.

Jumatatu, 30 Desemba

Igwachanya. Nilijiandikishia huko kitambulisho cha taifa kwa sababu ndiko kwetu. Nikipata namba yangu, nilijiambia, huenda laini ikahamia jina langu na Mama Ema asiguswe kabisa. Bodaboda ilikwama tope mara mbili, mara ya pili dereva alinikabidhi begi lake na viatu vyake akasukuma peku. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita nyuma ya choo, ikarudi barabarani. Saa tisa nikaambiwa namba yangu haijatoka, nipitie mwezi wa pili.

Nikampigia Fahadi. Akasema hata ingetoka, mwenye laini lazima aweke kidole chake kukubali kuiachia. Kila njia inarudi kwa mama yule yule.

Jumatano, 1 Januari 2020

Heri ya mwaka mpya, daftari. Nimeliwa, hata mwaka mpya. Zile milioni zimefungiwa, kwa hiyo nacheza kwa za mfukoni. Vera hakuwepo. Amegawa kijana mwingine ambaye hasalimii.

Jumapili, 5 Januari. Njombe

Tangazo la kwanza la ndoa yetu. Mchungaji alisoma, "Enoki Nyagawa wa Makambako na Ema Mlowe wa usharika huu," akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu wakageuka kutuangalia. Ema alinifinya kidole. Nilijisikia mwizi aliyekaribishwa chai.

Jumatano, 8 Januari

Shule imefunguliwa. Nimefundisha uwezekano kidato cha tatu. Nilitumia mfano wa sarafu.

Jumapili, 12 Januari. Njombe

Tangazo la pili. Kimya tena.

Baada ya ibada nilimfuata mshenga wangu, Mzee Anania, kwake. Yeye na marehemu baba yangu walifanya kazi pamoja kiwanda cha chai, na ndiye aliyepeleka posa. Nilimweleza yote, kuanzia Vera hadi picha. Nilitegemea atakemea. Alitengeneza kwanza mkongojo wake uliolegea, muda mrefu, mpaka nikadhani hajasikia.

"Kwa hiyo unataka mimi niende kwa Mama Ema, nimwambie nini?"

"Umwambie aridhie picha tu, mzee. Si lazima umwambie yote."

"Mimi nilitumwa kupeleka posa, Enoki. Sikutumwa kupeleka paka."

"Lakini mzee, desturi ni kwamba mimi siwezi..."

"Desturi ilikukataza kumtazama mkweo usoni. Ilikukataza kumwibia jina? Maneno haya beba mwenyewe." Akanionyesha mlango kwa mkongojo, na mvua ilikuwa inanyesha.

Nimekasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na mzee yeyote. Nimefika Makambako bado naongea peke yangu. Anajua nini kuhusu uwezekano?

Jumanne, 14 Januari

Nimeliwa. Nimempiga mtoto kwa kukosea kujumlisha, halafu nikaona jibu lake lilikuwa sahihi. Nimemwomba radhi mbele ya darasa. Walinishangaa.

Jumamosi, 18 Januari. Njombe

Nimeipata picha.

Nilimkuta Mama Ema peke yake uani, anachagua mbegu za viazi. Ema alikuwa dukani. Nilisimama mbali, nikainamisha macho kama inavyotakiwa.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mkwe. Mbona umekuja na mvua?"

"Mama, ile laini yangu, ile uliyonisajilia..."

"Ya vidole!" Aliinuka mara moja, akapangusa mikono. "Nimesikia redioni. Nikamwambia Ema, mkwe wangu watamzimia simu, mtaongeaje? Nilikuwa nakungoja. Unataka kidole?"

"Kwanza picha, mama."

Sikudanganya neno hata moja. Uongo wote alijitungia yeye, mimi niliuacha upite. Alisema nimpe dakika moja. Nilisikia maji jikoni, halafu sanduku likifunguliwa. Alitoka amevaa kitenge cha kanisani na kile kitambaa cheupe cha kichwani anachokivaa siku za meza ya Bwana, ananukia sabuni. Akaweka kiti kwenye mwanga. Nikampa karatasi, nilikuwa nimeiandika kwenye gari.

"Maneno gani haya, mwanangu?"

"Ya kampuni, mama."

"Nisicheke?"

"Usicheke."

Akashika kadi kulia, karatasi kushoto, akainua kidevu. Nikapiga tatu. Ndipo nikagundua kwamba namtazama. Miaka miwili nimejua sauti yake, miguu yake, na pindo la kitenge chake, na leo nimemtazama machoni, ndani ya simu. Ana kovu dogo juu ya nyusi. Macho yake ni ya Ema. Nyuma yake yalionekana maparachichi ya watu.

Alitaka twende kwa wakala saa ile ile akaweke kidole. Nikamwambia Jumatatu inatosha, nitamfuata. Picha sijaituma. Si kwa wema, nisijisifu. Kesho ni tangazo la tatu. Nimeona ni salama zaidi tangazo lipite kwanza, ndipo nitume, ili likizuka lolote tuwe tumeshatangazwa mara zote. Hivyo ndivyo nilivyopanga, kwa akili timamu, nikila mahindi ya kuchoma stendi ya Njombe.

Jumapili, 19 Januari

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Kanisa lilijaa. Nilikaa benchi la nne na Ema. Wazee wa kanisa hukaa mbele, upande, wakitazamana na sisi. Mama Ema alikuwa amevaa vile vile kama jana. Mchungaji akafungua karatasi: "Kwa mara ya tatu na ya mwisho." Akasoma majina. Na Mama Ema, aliposikia jina la binti yake, akainua kidevu.

Kilikuwa kile kile cha kwenye picha. Nikaelewa kwamba jana hakuwa amekiinua kwa ajili ya kampuni ya simu. Ndivyo anavyokaa anapojivunia watu wake. Nilihisi aibu ikipanda kutoka miguuni, ya moto, na sikuwa na pa kuipeleka.

"Kama yupo mwenye kujua sababu ya kuizuia ndoa hii, na aseme."

Nikasimama.

Mchungaji alidhani naelekea msalani, akasubiri. Sikusogea.

"Ndiyo, bwana harusi?"

"Nina pingamizi."

"Pingamizi la nani?"

"La kwangu. Dhidi yangu."

Kuna mtu wa kwaya alicheka, akanyamazishwa. Ema alinivuta koti. Mchungaji, baba wa watu, amezoea wanawake wenye watoto mgongoni wakija kudai waume, hili hakulijua. Alisema tuimbe wimbo, wowote, akatuchukua mimi, Ema na mama yake ofisini kwake. Waliimba beti zote.

Nilisema nimesimama. Kwamba nacheza kamari tangu Oktoba mwaka juzi. Kwamba nimeshinda pesa na picha ya jana ni ya kasino. Kwamba nilitaka kuituma leo, baada ya tangazo. Ema hakulia. Alirudi nyuma mpaka kabati la vitabu likamzuia.

"Karata?" akauliza.

"Karata."

"Sawa na baba."

Mama Ema akanyoosha mkono, anataka simu. Nikamfungulia picha, nikainamisha macho.

"Hapa nimetoka vizuri," akasema. "Tangu mwenzangu afariki sijapigwa picha nzuri hivi." Akanirudishia simu. "Ningejua ni ya nini, Enoki, ningekaa na nguo za shambani."

Hajawahi kuniita Enoki. Siku zote ni mkwe, au mwanangu. Nilitaka anipige.

Mchungaji alisema matangazo yote matatu yamefutwa. Likitokea la kutangazwa, litaanza upya.

Jumatatu, 20 Januari

Sikutuma. Sikumfuata Mama Ema kwa ajili ya kidole. Saa nane mchana mkono ulikwenda mfukoni wenyewe, darasani, nikiwa na chaki.

Jumanne, 21 Januari

Laini imezimwa asubuhi. Fahadi kasema nimechoma mshahara wa miezi mitano kwa sababu ya kidevu. Nikamwambia ndiyo. Akaninunulia chai.

Alhamisi, 23 Januari

Bila simu siku ni ndefu ajabu. Nimesahihisha madaftari ya madarasa mawili, nimepalilia mpaka mwisho wa shamba. Bado nazigawa karata kichwani. Nane mbili, zigawe. Kumi na sita dhidi ya kumi, omba.

Jumamosi, 25 Januari

Ema amekuja. Sikumtegemea. Aliteremka kwenye bodaboda mlangoni kwangu saa nane, amelowa, mwavuli umegeuka.

"Nimekupigia siku nne hupatikani," akasema. "Sasa nimekuja. Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Unavyocheza."

Sina karata. Nilichana kurasa za nyuma za daftari hili, nikaandika hamsini na mbili, mraba kwa mraba. Nikamweleza. Tukacheza mezani, bila pesa, bila chochote. Mkono wa kwanza alishinda yeye. Wa pili mimi. Nikamwambia lini aombe nyingine na lini asiombe, nikamweleza uwezekano, nikagawa haraka zaidi. Sijui tulicheza mikono mingapi. Nilipoinua macho, hakuwa na karata mkononi. Alikuwa amekunja mikono, ananitazama usoni, na inaonekana alikuwa amekaa hivyo kwa muda.

"Umegawa mara tano peke yako," akasema. "Ulikuwa unacheza hata mkono wangu."

Nilisema samahani.

"Nilitaka kuiona hiyo sura. Baba alikuwa akituficha, alikuwa anakwenda kilabuni. Nisingeiona ningeolewa nayo bila kujua."

"Na sasa umeiona?"

"Nimeiona. Mama anasema ulisimama mwenyewe, hukusukumwa. Anasema nisisahau hilo." Akavaa viatu. "Silisahau. Lakini sijui, Enoki. Sijui kabisa."

Akatoka. Nilisikia akisimamisha bodaboda. Nikakaa pale pale, moyo umevunjika, hilo naliandika kwa unyoofu, umevunjika kweli. Kisha mlango ukafunguliwa, amefuata mwavuli. Akanikuta nimegawa mkono mwingine. Wangu na wake.

Alikusanya vikaratasi vyote, hata kilichoanguka chini ya kiti, akavihesabu mpaka hamsini na mbili, akavitia kwenye mkoba.

"Hivi nakaa navyo mimi," akasema. "Ukivitaka, njoo uniombe. Kwangu. Si kwa mtu mwingine."

Amekwenda. Mvua imepungua. Ni saa kumi na moja jioni, na gari la mwisho la Njombe huondoka saa kumi na mbili.